Mkojo wa damu Maniema: si kila mara ni kichocho

Wakaaji wa Nyangwe, na wa vijiji vyote vinavyopakana na Lualaba katika teritwari ya Kasongo, wanaujua mto kwa kazi zake zote. Ndipo wanapovua, ndipo wanapovuka kwa mtumbwi, ndipo wanapooga, wanapofua na kuchota maji. Kwa hiyo kijana wa huko akiona mkojo wake umegeuka mwekundu, jibu linakuwa tayari kabla hajafika kwa muuguzi: ni mto, ni kichocho. Anapewa vidonge, anaambiwa asirudi majini, na faili inafungwa.

Mara nyingine jibu hilo ni la kweli. Lakini kuna wagonjwa wanaomeza vidonge mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na damu inarudi. Hapo ndipo maneno mengine huanza: ametupiwa kitu, amekula kiapo, ana ugonjwa wa aibu alioupata safarini. Wachache kati ya hao wana tatizo ambalo halisemwi sana kwetu. Damu yao inatoka kwenye mishipa ya figo yenyewe, kwa sababu mshipa umebanwa, umeziba, umepasuka, au damu inayopita ndani yake imebadilika umbo.

Magonjwa hayo ni ya nadra. Hata hivyo yanastahili kujadiliwa leo Maniema ya kusini, kwa sababu mgonjwa wa nadra ndiye anayeonyesha kama zoni ya afya inafanya kazi au inagawa vidonge tu. Na njia ambayo mgonjwa huyo aliweza kuipita miaka mitatu iliyopita, leo imefungwa.

Kichocho gani, na wapi

Tuanze na kichocho, maana ndicho kinachotajwa kwanza. Kichocho, au bilharzia, chenyewe ni ugonjwa wa mishipa ya damu. Minyoo yake haikai tumboni kama minyoo mingine. Dume na jike huishi pamoja ndani ya mishipa midogo ya damu, miaka kadhaa, na mayai yao ndiyo yanayochana njia ya kutokea nje.

Lakini kuna aina zaidi ya moja. Aina ya kwanza hukaa kwenye mishipa inayozunguka kibofu, na hiyo ndiyo inayoleta mkojo wa damu. Nchini mwetu inajulikana hasa katika Kongo Central na katika majimbo yaliyotoka kwenye Katanga ya zamani. Aina ya pili hukaa kwenye mishipa ya matumbo. Huleta kuhara damu, maumivu ya tumbo, na baadaye ini na bandama kuvimba. Kuna na aina nyingine ya matumbo, iliyotambuliwa mwaka 1934 katika eneo la Kisangani.

Sasa, kichocho kilichochunguzwa sana Maniema ni kipi? Ni cha matumbo. Katika miaka ya 1980, watafiti walifanya kazi kwa muda mrefu katika maeneo ya machimbo ya bati ya Maniema, na walichoandika ni habari za kichocho cha matumbo. Hatusemi kwamba kile cha kibofu hakiwezi kufika Kasongo. Lualaba inatoka Katanga, watu wanapanda na kushuka kwa biashara, na mchimba dhahabu wa Salamabila anaweza kuwa ametoka Kongolo au Kalemie. Tunachosema ni kwamba muuguzi wa Maniema hana haki ya kudhani tu. Mkojo wa damu ukiitwa kichocho bila yai kuonekana kwenye darubini, hilo ni kisio.

Kulitafuta yai hakuhitaji mashine kubwa. Mkojo unachukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana huo ndio wakati mayai yanatoka kwa wingi. Mgonjwa anatembea kidogo kwanza, na matone ya mwisho ya mkojo yanawekwa pamoja na mengine. Labo yenye darubini nzima na mtu aliyefundishwa inatosha. Dawa ya prazikwanteli nayo ni nzuri, lakini inaua minyoo iliyokomaa, haiui ile michanga. Ndiyo sababu mgonjwa anapaswa kurudi kuangaliwa tena baada ya wiki kadhaa. Akirudi na damu ipo bado, lakini mayai hayaonekani, swali linabadilika. Kumpa dozi nyingine na kumrudisha nyumbani hakujibu swali hilo.

Kwanza, je, ni damu?

Si kila mkojo mwekundu una damu. Mtu anayekunywa dawa za kifua kikuu zenye rifampisini anakojoa rangi ya machungwa au nyekundu, na hiyo ni rangi ya dawa. Mtoto mwenye malaria kali anaweza kukojoa mkojo mweusi kama kahawa. Hapo chembe nyekundu zimepasuka ndani ya mwili, na rangi yake ndiyo inayopita kwenye mkojo. Huo ni ugonjwa wa hatari unaohitaji hospitali siku hiyohiyo, lakini figo haikutoboka. Kwa mwanamke, damu inaweza kuwa ya hedhi, au ya jeraha baada ya kujifungua kwa shida.

Kijiti cha kupima mkojo, ambacho wauguzi wetu huita bandeleti, hakiwezi kutofautisha hayo yote. Kinabadilika rangi kwa chembe nzima na kwa chembe zilizopasuka vilevile. Darubini ndiyo inayoamua: chembe nyekundu zipo, au hazipo.

Kisha kuna kipimo ambacho hakina gharama kabisa, nacho ni kumuuliza mgonjwa damu inatokea wakati gani. Ikionekana mwanzoni tu, mara nyingi inatoka kwenye njia ya mwisho ya mkojo. Ikionekana mwishoni, kibofu kinapojikamua, mawazo yaende kwenye kibofu, na hapo kichocho cha kibofu kina nafasi yake. Ikiwa mkojo wote ni mwekundu tangu mwanzo hadi mwisho, chanzo kinaweza kuwa juu zaidi, yaani kwenye figo. Na damu iliyoganda ikitoka kwa umbo refu jembamba kama mnyoo, basi imepita kwenye mrija unaotoka figoni. Mgonjwa akiiona huapa kwamba ametoa nyoka. Glasi tatu za kioo kwenye kituo cha afya zinaweza kueleza mengi kuliko maboksi matatu ya dawa.

SS na AS: ugonjwa wa mishipa tulio nao nyumbani

Figo mbili hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Damu hiyo inagawanywa kwenye mishipa midogo kuliko unywele. Katikati ya figo, mishipa hiyo inapita mahali penye oksijeni kidogo, chumvi nyingi na asidi. Kwa mtu wa kawaida si neno. Kwa mtu mwenye damu ya SS, mahali hapo ni mtego: chembe zake hujikunja kama mundu, zinakwama, zinaziba kijishipa, na sehemu ya figo iliyokosa damu inakufa na kutokwa damu.

Watu wengi wanajua SS kwa maumivu ya mifupa na kwa watoto wanaoongezewa damu kila mara. Wachache wanajua kwamba hata mwenye AS, yule tunayemwita mzima, anaweza kukojoa damu kwa sababu hiyohiyo. AS anaishi maisha ya kawaida, na wengi wao hawataona damu kwenye mkojo hata siku moja. Lakini ndani ya figo, mahali palepale pa chumvi na oksijeni haba, hata chembe za AS zinaweza kujikunja. Inatokea zaidi mtu akifanya kazi nzito na kukaukiwa na maji. Fikiria anayechimba dhahabu Kabambare kutwa nzima, jua kali, chupa moja ya maji.

Je, AS ni wachache kwetu? Hapana. Utafiti uliofanywa kwa watoto wachanga Kisangani na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta watoto 23 hivi kati ya 100 ni AS, na karibu mmoja kati ya 100 ni SS. Kisangani iko chini ya mto huuhuu unaopita Nyangwe. Kwa makadirio ya dunia, zaidi ya nusu ya watoto wote wanaozaliwa na SS huzaliwa katika nchi tatu: Nigeria, India na Congo yetu. Kwa hiyo sababu hii inayoitwa ya nadra katika vitabu vya Ulaya, kwetu si ya nadra hivyo.

Jambo moja linawashangaza wengi. Damu ya AS hutoka zaidi kwenye figo ya kushoto. Kwa nini kushoto? Kwa sababu mshipa unaorudisha damu kutoka figo hiyo ni mrefu, na lazima uvuke mbele ya mshipa mkuu wa mwili, chini ya mshipa mwingine unaopeleka damu kwenye matumbo. Unapita kama mtu anayejibana kati ya kuta mbili. Damu inapungua mwendo, shinikizo linapanda, na chembe zinapata nafasi ya kujikunja.

Mshipa unapobanwa

Kuna watu ambao kuta hizo mbili zimekaribiana mno. Hawana SS wala AS, lakini mshipa wa figo ya kushoto unabanwa kama njugu kwenye koleo. Mwaka 1972 daktari Mbelgiji, de Schepper, aliupa ugonjwa huo jina hilohilo la koleo la kuvunjia njugu, na madaktari wa dunia nzima wanalitumia hadi leo. Damu ikikosa njia ya kurudi inatafuta vichochoro, vijishipa vidogo vinavimba karibu na njia ya mkojo, na kimoja kikipasuka mkojo unakuwa mwekundu. Mgonjwa anaweza kuumwa ubavu wa kushoto. Mwanaume anaweza kuona mishipa imevimba kwenye korodani ya kushoto.

Anayepatwa zaidi ni kijana mrefu mwembamba, au mtu aliyekonda kwa muda mfupi, kwa sababu mafuta kidogo ya ndani ndiyo yaliyokuwa mto wa kutenganisha mishipa hiyo miwili. Ukifikiria familia zilizokimbia mapigano na kula mara moja kwa siku, utaona kwamba habari hii haihusu Ulaya tu. Uzuri wake ni kwamba kwa watoto na vijana wengi haihitaji upasuaji. Mwili ukinenepa na kukua, mara nyingi damu inakoma. Anahitaji ekografi inayoonyesha mwendo wa damu, ile ya Doppler, na daktari atakayemfuata kwa miezi. Kumpa dawa ya kichocho kila robo mwaka hakumsaidii.

Jeraha la kisu, risasi, na damu inayochelewa

Sababu nyingine ya mishipa inatugusa kwa njia mbaya zaidi. Mshipa unaopeleka damu na mshipa unaoirudisha unaweza kuungana moja kwa moja, bila kupitia vijishipa vya katikati. Wengine huzaliwa hivyo. Lakini wengine hupata hali hiyo baada ya figo kuchomwa: kisu, risasi, kipande cha chuma, au hata sindano ya hospitali ya kuchukua kipande cha figo kwa uchunguzi. Au ukuta wa mshipa unabaki na uvimbe dhaifu uliojaa damu.

Hatari yake ni kwamba damu inaweza kuchelewa. Kidonda cha nje kimepona, nyuzi zimetolewa, mtu amerudi shambani. Kisha siku kadhaa au wiki kadhaa baadaye mkojo unajaa damu ghafula. Kabambare na Kasongo zimeona makundi ya silaha kwa miaka mingi. Muuguzi anayempokea mtu kama huyo lazima aulize: uliwahi kuchomwa au kupigwa risasi mgongoni au ubavuni? Jibu likiwa ndiyo, hiyo si kazi ya kituo cha afya. Penye vifaa, madaktari huingiza mrija mwembamba ndani ya mshipa na kuziba pale panapovuja bila kupasua tumbo. Pasipo vifaa, mpasuaji anaweza kulazimika kuitoa figo ili kuokoa maisha.

Kuna na kuziba kwa mishipa mikubwa ya figo. Mtoto mchanga aliyeharisha hadi kukauka anaweza kupata damu iliyoganda ndani ya mshipa wa figo. Anaweza kuipata pia mtu mwenye ugonjwa wa figo unaomvimbisha mwili mzima. Na mtu mwenye ugonjwa wa moyo, hasa yule ambaye vali zake ziliharibika baada ya homa za koo za utotoni, anaweza kurusha donge la damu kutoka moyoni hadi kwenye figo. Huyo anapata maumivu makali ya ubavu kwa ghafula, damu kwenye mkojo, na mara nyingi anadhaniwa ana mawe ya figo.

Tahadhari: jina la AS lisiwe kitanda cha kulalia

Wasomaji wasielewe vibaya. Hatusemi kwamba sababu za kawaida ziachwe. Maambukizi ya mkojo, mawe, kichocho, kifua kikuu cha njia ya mkojo, uvimbe wa tezi dume kwa wazee, na ugonjwa wa figo unaowapata watoto baada ya vidonda vya ngozi au koo: hayo ndiyo yanayotangulia, na ndiyo yatafutwe kwanza.

Kuna pia saratani. Mzee anayekojoa damu bila maumivu, hata kama imetokea mara moja tu na ikaacha, achunguzwe kibofu na figo. Na hapa kuna jambo zito kwa vijana wetu. Ipo saratani moja ya figo, ya nadra sana na kali sana, ambayo karibu yote huwapata watu wenye AS, wengi wao wakiwa bado vijana, na hukaa zaidi kwenye figo ya kulia. Kwa hiyo daktari akishajua kwamba mgonjwa ni AS, asiseme "basi, ni AS yako" na kumwacha. Ekografi ifanywe. AS ni sababu ya kutazama vizuri zaidi.

Njia iliyofungwa

Sasa tufike kwenye swali la leo. Mgonjwa wa Nyangwe ambaye kituo cha afya kimeshindwa kueleza damu yake, anaenda wapi?

Kwenye karatasi njia inajulikana: kituo cha afya, hospitali kuu ya zoni, kisha hospitali ya jimbo Kindu, kisha hospitali kubwa nje ya jimbo. Lakini kutoka Kasongo hadi Kindu ni zaidi ya kilomita 200 za barabara ambayo mvua ikinyesha pikipiki yenyewe inasukumwa. Na wengi waliokuwa na uwezo wa kwenda mbali zaidi waliangalia mashariki, kwenye hospitali za Bukavu na Goma, ambako walikuwa na ndugu wa kuwapokea na lugha moja ya kuongea.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, Goma iliangukia mikononi mwa AFC/M23, na katikati ya mwezi wa pili Bukavu nayo. Viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vilifungwa. Kwa mgonjwa wa Maniema ya kusini maana yake ni rahisi kuelewa: hospitali za rufaa zilizokuwa karibu naye zimebaki upande wa pili wa mstari wa vita. Zilizobaki ni za Kisangani, Lubumbashi au Kinshasa. Kwa familia inayoishi kwa muhogo na mafuta ya mawese, hizo ni safari za kuuza shamba.

Mwezi huohuo wa kwanza 2025, serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 mwezi wa saba shirika lake la USAID likafungwa rasmi. Msaada huo ulikuwa moja ya nguzo za kampeni dhidi ya magonjwa yaliyosahauliwa katika nchi nyingi za Afrika, kichocho kikiwemo. Dawa yenyewe ya prazikwanteli bado inatolewa bure na kampuni ya Merck kupitia Shirika la Afya Duniani. Lakini boksi la dawa halitembei lenyewe kutoka Kinshasa hadi Nyangwe. Linahitaji ndege, gari, mtumbwi, na mtu wa kuhesabu watoto.

Serikali yetu, kwa upande wake, ilizindua mwezi wa tisa 2023 mpango wa kujifungua bure, kama hatua ya kwanza ya afya kwa wote, kuanzia Kinshasa kisha majimbo mengine. Ni hatua njema, na akina mama waliisubiri muda mrefu. Lakini mpango huo unamhusu mama na mtoto mchanga. Kijana anayekojoa damu hayumo. Yeye analipa kila hatua kutoka mfukoni: fishi, darubini, ekografi, kitanda, na pikipiki ya kumfikisha. Ndiyo sababu mara nyingi anasimama kwenye hatua ya kwanza, ile ya vidonge.

Kasongo iliwahi kufundisha nchi nzima

Kuna kitu ambacho watu wa Kasongo wasikisahau. Kuanzia mwaka 1971, Kasongo ilikuwa mahali pa mradi wa afya ulioongozwa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji. Wazo lake lilikuwa wazi: kituo cha afya kilicho karibu na watu, mikononi mwa muuguzi, na hospitali moja nyuma yake, vyote vikiwa mwili mmoja. Mgonjwa anapanda na karatasi, anashuka na karatasi. Uzoefu huo ulikuwa moja ya misingi ya zoni za afya zilizoenea Zaïre yote katika miaka ya 1980, na ambazo leo ni zaidi ya 500 nchini, 18 kati yake zikiwa Maniema.

Wazo hilo lilipinga kitu kimoja hasa: kuufanya ugonjwa mmoja na dawa moja kuwa ndiyo afya yenyewe. Mgonjwa wa nadra ndiye anayelihitaji wazo hilo kuliko wote. Yeye hataponywa na kampeni ya siku tatu. Ataponywa na muuguzi anayemkumbuka, anayeandika, na anayejua wakati wa kusema: "Huyu amenishinda, apande."

Kwa hiyo mambo ya kudaiwa kwa serikali ya jimbo na kwa wakuu wa zoni za Kasongo, Kabambare, Saramabila na Lusangi hayahitaji kusubiri amani. La kwanza, kila kituo cha afya kiwe na bandeleti, kipimo cha presha na darubini inayofanya kazi. La pili, kila mwenye damu kwenye mkojo aandikwe kwenye daftari lake, aangaliwe tena baada ya mwezi, na asiyepona apewe karatasi ya transferi bila kubembeleza. La tatu, kipimo cha SS na AS kifanywe. Kipimo cha Emmel ambacho labo zetu zinakijua kinaonyesha kwamba chembe zinajikunja, lakini hakisemi kama ni AS au SS. Siku hizi vipo vipimo vya haraka vya tone moja la damu vinavyotofautisha, na vingine havihitaji umeme wowote. La nne, pale ambapo hospitali kuu ina mashine ya ekografi yenye Doppler, daktari mmoja afundishwe kuitazama mishipa ya figo. Mashine yenye uwezo huo ikitumiwa kutazama mimba tu, nusu ya thamani yake imelala.

Wewe unayesoma, fanya hivi

Ukiona damu kwenye mkojo, hata mara moja, usikae kimya kwa aibu. Mweleze muuguzi inatokea mwanzoni, mwishoni au muda wote, na kama ina madonge. Mwambie dawa zote unazokunywa, za hospitali na za kienyeji. Kama unajua kwamba wewe au ndugu yako ni AS au SS, sema. Kama uliwahi kujeruhiwa ubavuni, sema. Kunywa maji ya kutosha na pumzisha mwili. Usinunue ibuprofeni au diklofenaki sokoni kwa ajili ya maumivu ya ubavu, maana dawa hizo zinaweza kuharibu zaidi figo inayotokwa damu.

Nenda hospitali bila kusubiri kesho ikiwa mkojo umeziba kwa madonge, ikiwa unaona kizunguzungu au umepauka, ikiwa una homa kali na maumivu ya ubavu, ikiwa mkojo wa mtoto ni mweusi, ikiwa mwili au uso umevimba, au ikiwa damu imeanza baada ya jeraha.

Na kama umekwisha kumeza dawa ya kichocho na damu imerudi, muulize muuguzi wako swali moja tu, kwa heshima: "Mayai mliyaona?" Kama hayakuonekana, omba karatasi ya kupanda hospitali. Hiyo ni haki yako, na kwa mpango wa afya uliojaribiwa hapahapa Kasongo tangu 1971, ni kazi yake.